Nyumba ya mawe ya Lamu: Jinsi ya kuikarabati na kuipangisha kwa wageni

MJI wa kale wa Lamu, ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuorodhesha kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2001, una nyumba za mawe zisizokaliwa tena na wenyewe. Wazee walioziishi wamefariki. Watoto wao wametawanyika Mombasa, Nairobi na nchi za Ghuba. Kila masika yanapopita, kipande kingine cha dari huporomoka na ufa wa ukutani huongezeka upana.

Warithi wa nyumba ya aina hiyo wana njia tatu mbele yao. Ya kwanza ni kuiuza. Ya pili ni kuiacha mpaka ianguke. Ya tatu, ambayo imechaguliwa na wengi tangu watalii walipoanza kumiminika kisiwani, ni kuikarabati na kuipangisha kwa wageni wa likizo kwa siku au kwa wiki.

Njia hiyo ya tatu inaweza kuiokoa nyumba, na vilevile inaweza kuiua. Saruji ikipakwa mahali pa chokaa, ukuta huanza kuoza kwa ndani. Ghorofa ikiongezwa juu ya boriti zilizochoka, jengo zima huelemewa. Isitoshe, mgeni akiingizwa bila mpango, mtaa mzima hukosa raha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuuziba vibaya nako huenda kukakulazimisha kuujenga huo ukuta.

Jambo la kwanza analopaswa kulifahamu mwenye nyumba ni kwamba nyumba ya Lamu haihitaji kufunzwa kumpokea mgeni. Ilijengwa ikiwa na mahali pake. Ukarabati na uendeshaji bora ni ule unaofuata mpangilio huo wa asili.

MPANGILIO WA NYUMBA

Nyumba nyingi za mawe zilizosalia mtaani Mkomani zilijengwa katika karne ya 18 na ya 19. Kuta zake zenye unene wa takriban nusu mita ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Dari na sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mikoko.

Anayeingia hupita kwanza kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa nje wenye baraza mbili za kukalia. Kisha huingia tekani, kipenu kilichopindwa makusudi ili aliye mlangoni asiweze kuona yaliyomo ndani. Baada ya tekani ni kiwanda, ua usioezekwa unaoleta mwanga na hewa. Mbele ya kiwanda zimepangwa misana, ambazo ni kumbi ndefu na nyembamba, na nyuma yake ni ndani, chumba cha faragha ambacho aghalabu ukuta wake umepambwa kwa zidaka zilizochongwa kwenye lipu.

Kadiri mtu anavyoingia ndani ndivyo faragha inavyozidi. Hata hivyo, mgeni hakusahauliwa. Nyumba za watu wenye uwezo zilikuwa na sabule, chumba cha wageni chenye njia yake kutoka upande wa mlangoni. Mgeni, pengine mfanyabiashara aliyekuja na pepo za kaskazi akingoja kusi ili arudi kwao, aliweza kulala, kula na kutoka bila kuwasumbua wanawake wa nyumba.

Nyumba nyingine ziliunganishwa na za jirani kwa wikio, chumba kilichojengwa kama daraja juu ya kichochoro. Kwa kuwa desturi ya familia nyingi za mji ilikuwa kumpa binti nyumba anapoolewa, wikio uliwawezesha mama na binti kutembeleana bila kushuka barabarani.

Anayetaka kuona mpangilio huu ukiwa kamili anaweza kuzuru nyumba ya karne ya 18 iliyohifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya mjini humo. Wataalamu wa ujenzi pia hurejelea utafiti wa Usam Ghaidan kuhusu mji wa Lamu uliochapishwa mwaka wa 1975, na mpango wa uhifadhi ulioandaliwa na Francesco Siravo na Ann Pulver uliochapishwa mwaka wa 1986.

KABLA YA KUMWITA FUNDI

Kazi ya kwanza ni ya karatasi. Nyumba ya urithi ina wenyewe wengi, na mmoja wao akitumia akiba yake kuikarabati kabla ya urithi kugawanywa, ugomvi huja siku fedha zinapoanza kuingia. Waislamu wanaokubali kuamuliwa huko hupeleka mambo ya mirathi katika mahakama ya Kadhi, ambayo mamlaka yake yametajwa katika Katiba ya 2010. Warithi wakishajua sehemu zao, waandike mkataba unaoeleza nani atasimamia, nani ametoa fedha za ukarabati na atarudishiwa vipi, na faida itagawanywa lini.

Warithi wasio na fedha kabisa wanaweza kuikodisha nyumba kwa muda mrefu kwa mtu atakayeikarabati kwa gharama yake, aitumie kwa miaka waliyopatana, kisha airudishe. Mtu huyo akiwa raia wa kigeni, Katiba hiyo hiyo inamruhusu kumiliki ardhi kwa mkataba wa muda tu, usiozidi miaka 99. Mkataba wa miaka 15 na ule wa miaka 99 ni vitu viwili tofauti kabisa: wa kwanza huwaachia watoto nyumba, wa pili huwaachia wajukuu wa wajukuu hadithi yake. Kwa hiyo mkataba usomwe na wakili kabla ya kutiwa sahihi, na utaje waziwazi ni hali gani nyumba itakuwa nayo siku ya kurudishwa.

Kazi ya pili ni idhini. Mji wa kale unalindwa na sheria, hivi leo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka wa 2006. Anayekusudia kubomoa, kuongeza au kubadilisha sehemu ya nyumba anapaswa kuonana kwanza na ofisi ya Makumbusho inayosimamia uhifadhi mjini Lamu, pamoja na serikali ya kaunti ambayo hutoa vibali vya ujenzi. Ni busara kwenda ofisini humo mapema, maana maafisa wake wanawafahamu mafundi waliozoea kazi ya chokaa na boriti.

Mlango nao una sheria yake. Mlango au fremu iliyochongwa kwa nakshi ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka wa 1946 ni kifaa kinacholindwa kisheria. Mwenye nyumba asidanganywe na mnunuzi anayemwahidi fedha taslimu na mlango mpya badala ya ule wa kale. Aidha, mlango huo ndio wa kwanza kupigwa picha na mgeni, na nyumba isiyo nao imepoteza sehemu ya thamani yake.

UKARABATI HUANZIA JUU

Adui mkubwa wa nyumba ya matumbawe ni maji. Kwa sababu hiyo ukarabati huanza na dari na kushuka chini, wala hauanzi na kupaka rangi sebuleni.

Dari ya kale ni ya bapa. Boriti hupangwa kwa karibu, zikatandikwa vipande vya mawe juu yake, kisha tabaka nene la chokaa na kokoto ambalo hutwangwa mpaka likashikana. Tabaka hilo linapopasuka, maji ya mvua hupenya hadi kwenye boriti. Fundi anapaswa kuhakikisha dari ina mteremko kidogo wa kuyaelekeza maji kwenye mlizamu, na kwamba mlizamu wenyewe haukuziba wala haumwagi maji ukutani.

Boriti ya mkoko ina uwezo wa kuhimili mchwa kwa miaka mingi, lakini haivumilii unyevu wa kudumu. Huoza kwanza kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Fundi mzoefu huigonga akasikiliza mlio wake, kisha huichoma kwa msumari mrefu karibu na ukuta. Msumari ukizama bila kushurutishwa, boriti hiyo imekwisha. Boriti hubadilishwa moja baada ya nyingine huku dari ikiegemezwa kwa miti, wala hazitolewi nyingi kwa pamoja.

Boriti hizi ndizo zilizoamua umbo la nyumba. Kwa kuwa haziwezi kubeba dari nzito zikiwa ndefu mno, upana wa chumba aghalabu hauzidi mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Mwenye nyumba anayetaka sebule pana kama ya hoteli na kuamrisha ukuta wa kati uvunjwe, huwa ameondoa nguzo inayobeba ghorofa ya juu.

Kaunti ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini haimaanishi kwamba kila mtu anaweza kujikatia. Ukataji wake unahitaji kibali, na serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, wakataji wa Lamu nao waliathirika. Mnunuzi adai kuonyeshwa kibali cha muuzaji. Aeleze pia ukubwa anaoutaka kwa majina ya soko, kwani miti hii huuzwa kwa unene: fito ndizo nyembamba kabisa, zikifuatwa na pau, mazio, boriti na nguzo.

Usafirishaji uingizwe katika bajeti mapema. Mitaa ya Lamu haipitiki kwa gari. Mawe, mchanga na mbao hushushwa gatini kutoka kwenye majahazi na mashua, kisha hubebwa na punda au kwa mkokoteni hadi mlangoni. Mzigo ambao kwingineko ungefikishwa kwa lori moja, hapa huwa safari nyingi za punda, na kila safari ina malipo yake.

CHOKAA, SI SARUJI

Kosa linalojitokeza mara nyingi katika ukarabati wa nyumba za pwani ni kutumia saruji kwa kuwa hukauka upesi na hupatikana kila dukani.

Matumbawe yana vitundu vingi vidogo. Hufyonza unyevu kutoka ardhini pamoja na chumvi, na lipu ya chokaa, ambayo nayo hupumua, huuruhusu unyevu huo kutoka na kukauka. Saruji huziba njia hiyo. Unyevu unapokosa pa kutokea hupanda juu zaidi ukutani, hufika kwenye ncha za boriti na kuziozesha, huku chumvi ikijikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke vipande vipande. Ukuta unaoonekana mpya mwaka wa kwanza huanza kutoa vipele baada ya misimu michache ya mvua.

Chokaa ya asili hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la kuni, kisha kuyazimua kwa maji. Huchanganywa na mchanga na kupakwa kwa matabaka membamba. Haikauki kwa kupoteza maji peke yake. Hukomaa polepole kwa kufyonza hewa ya kaboni, na kila tabaka linahitaji muda na kivuli. Likipigwa na jua kali mapema, hupasuka. Fundi anayeharakishwa kwa sababu mgeni wa kwanza anafika wiki ijayo, hatafanya kazi ya kudumu.

Mchanga usiwe wa ufuoni wenye chumvi. Wala usichotwe kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kwa kuwa chini ya vilima hivyo ndiko kuliko hifadhi ya maji matamu yanayonywewa mjini.

MAJI NA CHOO

Jambo hilo la vilima vya Shela linastahili kuzingatiwa na kila anayefungua nyumba ya wageni. Mvua hupenya mchangani na kuhifadhika chini, na maji hayo yakivutwa kupita kiasi, ya bahari huingia mahali pake. Kila bafu linaloongezwa kwa ajili ya watalii hunywa kutoka kwenye chanzo hicho kimoja na jirani asiye na mgeni wala mapato yake.

Mvua ya bure ndiyo msaada wa kwanza. Dari yenye eneo la mita mraba 100 hupokea lita 1,000 kwa kila milimita 10 za mvua, ingawa kiasi fulani hupotea njiani. Maji hayo yanatosha kuoshea sakafu, kumwagilia mimea ya kiwandani na kusukumia choo. Tangi, hata hivyo, lisiwekwe ovyo. Lita 1,000 zina uzito wa tani moja, na tani moja juu ya boriti za zamani ni hatari kwa aliyelala chini yake. Tangi likae chini, au juu ya makutano ya kuta nene baada ya fundi kuzikagua.

Nyumba nyingi za kale zina birika, hodhi la maji lililojengwa ndani ya chumba cha kuogea. Wenyeji waliweka samaki wadogo ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu. Birika likikarabatiwa vyema huwa pambo na kumbukumbu, mradi mgeni aelezwe kwamba si la kuogelea.

Kuhusu choo, shimo moja la zamani halikukusudiwa kupokea maji ya mabafu manne ya kisasa. Likifurika, maji machafu huingia kwenye visima vya jirani na kwenye mifereji ya vichochoro. Idadi ya vyumba vya kulala iamuliwe na uwezo wa choo na tangi, si na hamu ya mwenye nyumba. Vyumba vitatu vyenye mabafu mawili yanayofanya kazi huleta mapato ya uhakika kuliko vyumba sita vinavyonuka.

UMEME, MOTO NA SAMANI

Nyaya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye leseni na zipitishwe pasipochimba zidaka wala nakshi za lipu. Hewa ya chumvi hula chuma kwa kasi, hivyo bawaba, skrubu na misumari iwe ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu.

Ghorofa ya juu iliyoezekwa makuti hupendwa na wageni kwa upepo wake. Lakini makuti ni kuni kavu, na katika mitaa ambayo gari la zimamoto haliwezi kuingia, cheche moja inaweza kuteketeza nyumba kadhaa. Jiko la gesi lisiwekwe chini ya makuti, mishumaa ipigwe marufuku huko juu, na vifaa vya kuzimia moto pamoja na ndoo za mchanga viwe mahali panapojulikana na kila mfanyakazi.

Samani zisiwe nyingi. Samadari imara zenye chandarua kizima, viti vya enzi viwili vitatu, mikeka safi na feni vinatosha. Kiyoyozi hudai ukuta utobolewe na madirisha yazibwe, na maji yake yakidondokea kwenye chokaa huanzisha upya ugonjwa ule ule uliotibiwa kwa gharama kubwa.

LESENI NA KODI

Nyumba inayopokea wageni kwa malipo ni biashara ya utalii. Chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011, biashara za malazi husajiliwa na kupewa leseni na mamlaka inayodhibiti utalii, mbali na kibali cha biashara cha kaunti. Januari 2024, baada ya mauaji ya wanawake katika nyumba za kukodi kwa siku chache jijini Nairobi, serikali ilisisitiza kwamba wenye nyumba za aina hiyo sharti wajisajili.

Usajili huo humfaa mwenye nyumba pia. Kila mgeni aandikwe katika daftari jina lake, nambari ya kitambulisho au pasipoti, siku aliyofika na aliyoondoka. Mapato yaingie katika akaunti ya nyumba, si mfukoni mwa ndugu mmoja, na ushuru unaodaiwa uulizwe mapema kwa afisa wa kodi au mhasibu. Malazi ya siku chache hayahesabiwi sawa na kodi ya mpangaji wa kudumu.

HESABU YA USIKU MIA MOJA

Wengi huingia katika shughuli hii wakiwa wamehesabu mapato bila gharama. Mfano ufuatao, ambao tarakimu zake kila msomaji anaweza kuzibadilisha kulingana na hali yake, unaonyesha jinsi ya kupiga hesabu.

Chukua nyumba inayokodishwa nzima kwa Sh8,000 kwa usiku. Wafanyakazi wawili wakilipwa Sh20,000 kila mmoja kwa mwezi, gharama yao kwa mwaka ni Sh480,000. Maji, umeme na intaneti vikigharimu Sh10,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh120,000 kwa mwaka. Jumla ni Sh600,000, ambazo hulipwa mgeni aje asije.

Katika kila usiku uliokodishwa, wakala au mtandao wa kutafutia wageni ukichukua asilimia 15, ni Sh1,200. Asilimia 10 nyingine, yaani Sh800, iwekwe katika mfuko wa matengenezo. Kinachobaki ni Sh6,000. Kwa hivyo nyumba hii inahitaji usiku 100 kwa mwaka ili irudishe gharama zake tu. Ikipata usiku 80, ina hasara ya Sh120,000. Ikipata usiku 120, ina ziada ya Sh120,000 kabla ya leseni na kodi.

Warithi wakiwa wana wawili wa kiume na mabinti wawili, na mgao ukifuata sheria ya Kiislamu, ziada hiyo hugawanywa mafungu sita ya Sh20,000. Kila ndugu wa kiume hupata Sh40,000 na kila dada Sh20,000 kwa mwaka mzima. Si utajiri. Faida yake halisi ni kwamba nyumba imetunzwa, watu wawili wa mtaa wana kazi, na warithi wangali na mahali pa kurudi wakati wa Maulidi. Anayetaka zaidi ya hapo ajue tangu mwanzo kwamba lazima aongeze usiku, si kupunguza matengenezo.

WATUNZAJI WA NYUMBA

Mgeni hukumbuka watu kuliko kuta. Mwangalizi mwaminifu anayeishi karibu, anayejua pampu inavyowashwa na nani wa kuitwa usiku, ni muhimu kuliko tangazo lolote. Wafanyakazi waandikwe mkataba, walipwe kwa wakati hata miezi ya ukame wa wageni, na michango yao ya uzeeni na ya bima ya afya ipelekwe inakotakiwa. Mpishi wa mtaani anayejua wali wa nazi, samaki wa kupaka na mkate wa mofa ndiye atakayemfanya mgeni arudi.

Kalenda ya kazi ifuate pepo na mvua. Mwezi wa Machi, kabla ya masika, dari na milizamu ikaguliwe na kusafishwa. Aprili na Mei, wageni wanapopungua, ni wakati wa useremala, kurekebisha mabomba na kushona vyandarua. Mvua zikikatika, kuta zilizolowa ziachwe zikauke kisha zipakwe chokaa upya. Wageni wa Julai, Agosti na Desemba wakute kazi imekwisha.

MGENI NA MAJIRANI

Katika mji ambao ukuta wa nyumba moja ndio ukuta wa nyumba ya pili, nyumba ya wageni haiwezi kuwa kisiwa. Kuta nyingi za nje hazina madirisha upande wa chini kwa kuwa faragha ilithaminiwa kuliko mandhari. Mtalii anayeota jua juu ya dari huona kiwanda cha jirani kilichokusudiwa kutoonekana. Kabla ya kufungua baraza ya juu, mwenye nyumba aweke kiambaza cha fito au makuti upande wa majirani, na kabla ya hapo aende kuzungumza nao.

Kanuni za nyumba ziandikwe kwa lugha ya upole na kuwekwa tekani, mahali ambapo kila aingiaye atazisoma. Zieleze mavazi ya staha mitaani, kutopiga picha wanawake na watoto bila idhini, kutokunywa pombe hadharani, kupunguza sauti usiku, na adabu ya mwezi wa Ramadhani. Zieleze pia kwamba adhana ya alfajiri ni sehemu ya mji. Mgeni afunzwe kuwasalimia wazee kwa "shikamoo". Salamu hiyo moja humfungulia milango mingi.

Mpango wa sabule unafaa hapa. Familia ambayo ingali inaishi katika sehemu ya nyumba yake inaweza kuwapa wageni ghorofa yenye ngazi inayoanzia tekani, nayo ikabaki na kiwanda na ndani. Pesa huingia, wenyewe hawahami, na mtaa haubaki na nyumba za giza zinazowashwa taa wiki chache kwa mwaka.

MIAKA MIBAYA

Hakuna hesabu ya wageni wa Lamu iliyo kamili bila kutaja majanga. Mwaka wa 2011, kutekwa nyara kwa wageni Kiwayu na Manda kuliwafukuza watalii kwa muda mrefu. Juni 2014 shambulio la Mpeketoni lilifuatwa na amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti hiyo. Mwaka wa 2020 maradhi ya corona yalisimamisha safari kabisa. 

Kwa sababu hiyo mfuko wa matengenezo usiguswe kwa karamu wala ada za shule, na mkopo wa benki usipigiwe hesabu ya mwaka mzuri. Ni vyema pia kuwatafuta wageni wa karibu, mathalani familia za Nairobi na Mombasa, pamoja na Waswahili wa ughaibuni wanaokuja kuwaonyesha watoto wao walikotoka.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Maneno hayo yana sharti ndani yake: mwenyeji awepo. Nyumba iliyokarabatiwa kwa chokaa yake, ikaongozwa kwa hesabu ya kweli na ikabaki mikononi mwa wenyewe, humponya mwenyeji huyo na mtaa wake. Warithi wanaosimama leo chini ya dari inayovuja hawana haja ya kuanza na vyumba vyote. Waanze na mlizamu uliopasuka, kabla ya masika yajayo.